Damu Yangu, Jina la Mama Kuluthum

Wale mlionitukana wiki jana, mlinitukana kidogo. Wekeni akiba.

Kwa ambaye hakupata gazeti, nitasema upesi. Naitwa Umaima. Nimezaliwa Bondeni, hapa Nakuru, nikasoma hapa, nikaolewa hapa, na mwaka jana mume wangu Bashir akaniandikia talaka moja hapa hapa. Alisema nimekuwa mwanamke asiyetulia: silali, sinenepi, nagombana mpaka na sufuria, na mikono inatetemeka kwa sababu, eti, natafuna miraa kwa siri. Wallahi sijawahi kutia miraa mdomoni. Lakini hayo tuliyamaliza zamani.

Baada ya talaka nikapata kazi kwa utafiti wa Daktari Kipngetich, bingwa wa homoni. Kuna tezi iko hapa shingoni, watu huiita thairoidi, na hiyo ndiyo huupa mwili moto na nguvu. Aliyekatwa hiyo tezi, au ambaye yake imelala, anaishi kwa kidonge kimoja kila asubuhi kabla ya kutia kitu tumboni. Sasa ikifika Ramadhani, asubuhi ya kawaida haipo. Kidonge kinywewe saa ngapi? Kabla ya daku, ama baada ya futari? Hilo ndilo Daktari alitaka kujua. Akaniajiri mimi niwatoe washiriki damu, kwa sababu mimi pia nafunga, na wanawake wa kwetu wangenifungulia mlango.

Walinifungulia. Mama Kuluthum, mshiriki namba 041, mjane, mshonaji wa mabuibui, alinifungulia mlango akanipa mpaka mahamri ya kubeba. Lakini mkono wa kutolewa damu akakataa kuutoa.

"Sitoi damu na nimefunga, mwanangu. Wengine wanasema haina neno. Mimi moyo wangu unakataa."

Ratiba ilitaka damu ya asubuhi, siku hiyo hiyo. Akikosa, anatolewa kwa utafiti, na vidonge vya bure vinaishia hapo. Nami siku hiyo sikuwa nimefunga, nilikuwa katika siku zangu. Nikaingia choo cha kliniki, nikajifunga mpira kwa meno, nikajitoa damu, nikaandika 041. Yeye nilimwambia maabara ina damu yake ya zamani, hiyo inatosha.

Majibu yakarudi: homoni imezidi sana. Daktari akaagiza vidonge visimamishwe wiki mbili, halafu apimwe tena. Kipimo cha pili kilikuja baada ya Idd, na ningemtoa damu yake mwenyewe bila shida. Lakini damu mbili zisizofanana zingenifichua. Nikajitoa yangu tena. Mara ya kwanza ilikuwa huruma, mara ya pili ilikuwa woga. Majibu yakarudi vile vile, na Daktari akasema asimamishe wiki sita nzima. Ningekuwa na akili zangu ningejiuliza kwa nini damu yangu mimi inazidi. Nilijiambia maabara wamekosea, nikaenda nikachukua chupa ya vidonge kwa Mama Kuluthum na mkono wangu huu, kwa sababu kliniki huvihesabu.

Niliwaambia wiki jana kwamba nilifanya hivyo kwa mama mmoja tu. Nikakomea hapo.

Sasa tuendelee.

Ilikuwa Jumatatu, mwezi wa tano, mvua imenyesha siku tatu mfululizo na baridi imeingia mpaka kwa mito ya kulalia. Saa moja asubuhi simu ikalia. Ni Sundus, wifi yangu, mke wa kaka yangu Yaseen. Wanakaa Kiamunyi.

"Wifi, umeamka?"

"Nimeamka. Mbona sauti yako imekuwa nzito hivyo?"

"Ni usingizi. Jana nimelala saa mbili, na hata sasa ukiniacha nitalala mpaka adhuhuri. Hii mimba itanimaliza aki."

Mimba yenyewe ilikuwa ya miezi mitano, ya kwanza, baada ya miaka sita ya kusikia maneno ya watu. Sisi wote tulikuwa tunaibeba pamoja naye. Mama yetu alikuwa ameshaanza kununua vikofia.

"Mimba ni usingizi," nikamwambia. "Kunywa uji, vaa soksi."

"Soksi nimevaa mbili na bado miguu ni barafu."

"Basi vaa ya tatu. Nachelewa kazini, wifi. Nitakupigia."

Nikakata. Sijamaliza kufunga buibui, simu ikalia tena. Mara hii ni Sufyan, mtoto wa pekee wa Mama Kuluthum.

"Umaima, niaje. Mathe haamki."

"Haamki vipi?"

"Anapumua, but haamki. Nimefika saa hii na lori, nikadhani amelala tu. Namtikisa, anafungua jicho moja, anarudi."

Sufyan huleta viazi kutoka Mau Narok. Akienda huko hukaa siku tano, sita, mpaka lori lijae. Nyumbani anamwacha mama yake peke yake, na alikuwa ameniambia mimi nimwangalie. Nilikuwa naenda. Nilikuwa naona. Nilikuwa nasema moyoni, wiki sita zinaisha, atarudishiwa vidonge, yataisha.

Nilitoka mbio hata viatu sikuangalia ni vya rangi gani.

Mama Kuluthum alikuwa chini ya blanketi tatu, sweta juu ya sweta, na jiko la makaa karibu na kitanda. Nikamshika paji la uso. Lilikuwa baridi kama nyama ya friji. Uso umevimba, kope zimevimba, na lile kovu la shingoni, pale walipomkata rovu na tezi yote miaka kumi na miwili iliyopita, limezama ndani ya uvimbe.

"Mama Kuluthum! Ni mimi Umaima."

Jicho likafunguka. Ulimi ulikuwa mzito, sauti ni ya mwanaume.

"Umaima... umekula?"

Halafu akarudi alikotoka. Jameni, mtu anazama na bado anauliza kama mimi nimekula.

"Amekuwa hivi tangu lini?" Sufyan akaniuliza.

"Alikuwa amechoka tu. Kama wiki tatu hivi."

"Wiki tatu? Na hukunipigia?"

"Nilidhani ni baridi."

"Ebu usiniambie baridi. Mimi nimetoka Mau Narok, huko ndiko kuna baridi, na sijaona mtu akifura uso juu ya baridi."

Akaanza kutafuta kitambulisho cha mama yake ndani ya kabati ya vyombo. Badala ya kitambulisho akatoa pakiti ya vidonge, bado imefungwa, na karatasi ya duka la dawa.

"Hizi ni za nini?"

Nilizijua. Nilikuwa nimezinunua mimi, wiki ya tatu baada ya kuchukua ile chupa, nilipoona anaanza kuburuta miguu. Nikamletea kwa siri. Nikamwambia, mama, endelea na hizi, usimwambie mtu. Akacheka, akaniuliza, "Wewe umesomea udaktari lini? Daktari amesema niache, nimeacha." Akazitia kabatini, akaniwekea chai. Mwanamke yule alimtii daktari kuliko daktari mwenyewe angeweza kujitii.

"Ni vidonge vyake vya shingo," nikamwambia Sufyan.

"Si aliachishwa?"

"Aliachishwa."

Akaniangalia. Akazitumbukiza mfukoni mwa koti, akainama, akambeba mama yake. Tukamweka mbele kwa lori, kichwa chake mapajani mwangu, magunia ya viazi nyuma, tukaenda hospitali.

Daktari wa zamu alikuwa kijana mmoja mwembamba, Daktari Sitati. Alimpima joto, akatikisa kile kipimajoto, akampima tena.

"Thelathini na mbili," akasema. "Na moyo unapiga mara arobaini na mbili kwa dakika. Huyu mama ana ugonjwa gani?"

Sufyan akatoa kadi ya utafiti kutoka kwa mkoba. Sitati akaisoma. Akaigeuza, akaisoma upya.

"Hii haiingiani," akasema. "Kadi inasema homoni ya thairoidi imezidi. Mara mbili imepimwa, mara mbili imezidi. Mtu wa hivyo huwa na joto, anatoka jasho, moyo unakimbia. Huyu amezima. Nikimwangalia mimi, naona mtu hana hiyo homoni hata kidogo."

"Basi si umpe?" Sufyan akasema.

"Nikimpa na kweli imezidi, moyo wake utasimama hapa hapa. Nisipompa na kweli hana, hafiki kesho."

"Mpime!"

"Nimetoa damu, boss. Lakini hicho kipimo hapa hatuna, kinapelekwa nje. Majibu ni kesho jioni."

Mmesikia hivyo nilivyosikia mimi. Maisha ya yule mama yalikuwa yameshikwa na karatasi moja, na hiyo karatasi niliijaza mimi chooni.

Sitati akampigia Daktari Kipngetich, akaweka simu kwa spika ili aandike huku akisikiliza. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango. Nilisikia kila neno.

"Sitati, usiguse homoni," Kipngetich akasema. "Huyo si wa kwanza. Nina washiriki wanne ambao homoni imezidi walipohamisha kidonge saa ya daku. Ni kitu kipya tumekiona, nakisoma kwa mkutano Nairobi wiki ijayo. Mama huyo amejaa homoni. Tafuta kingine. Kichwa kipigwe picha, angalia kama ni stroke. Angalia kifua. Mimi nakuja."

"Lakini daktari, joto lake—"

"Vipimo viwili, Sitati. Viwili! Mimi naamini vipimo vyangu."

Simu ikakatwa. Sitati akavuta pumzi, akawaambia wanaosukuma vitanda, "Mpelekeni picha ya kichwa."

Wakaanza kumsukuma. Gurudumu moja lilikuwa linalia.

Nitawaambia ukweli, kwa sababu nimekuja hapa kusema ukweli. Sikufikiria kwanza Mama Kuluthum. Nilifikiria mshahara. Nikafikiria seli. Nikafikiria Bashir akisimama nje ya msikiti akiwaambia wenzake, si niliwaambia yule mwanamke ana kasoro? Kitanda kikafika kona ya korido. Mkono wa Mama Kuluthum ulikuwa umetoka nje ya blanketi, ule ule mkono alioninyima Ramadhani, na alama ya sindano juu yake ilikuwa ile ya Sitati peke yake.

"Daktari," nikasema. "Ile damu si yake."

Sitati hakusikia vizuri. "Damu gani?"

"Ya kadi. Mara zote mbili. Alikuwa amefunga, hakutaka kutolewa. Nikatoa yangu."

Wale wanaosukuma wakasimama.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye ninayechukua damu za utafiti."

Nitamheshimu yule kijana mpaka nife. Hakupoteza hata dakika moja kunitukana. Aligeuka akapiga kelele, "Mrudisheni! Sista, sindano ya haidrokotisoni kwa mshipa, sasa hivi. Blanketi zote mlizo nazo. Halafu vidonge vya thairoidi, tuviponde, tuvipitishe kwa mpira wa puani."

Sista akaenda mbio stoo ya dawa. Akarudi mikono mitupu.

"Vimeisha tangu Ijumaa, daktari."

Sufyan akatia mkono mfukoni. Akatoa ile pakiti. Hakuniangalia alipoitoa, akampa sista, na nikaona vidonge mama yake alivyokataa vikipondwa ndani ya kikombe cha chuma kwa kitako cha kijiko.

Nikadhani hapo nimepumua. Sufyan akanikuta ukutani.

"Umaima."

"Sufyan, nisamehe."

"Subiri. Sijafika hapo." Sauti yake ilikuwa chini, na ningependa angepiga makelele. "Wewe umekula kwetu. Futari ngapi umekula kwetu mwezi ule?"

"Nyingi."

"Mathe unajua alikuwa anaomba nini kila akimaliza kuswali? Mimi namsikia ukutani. Hataji jina langu kwanza, anataja lako. Eti Mungu akurudishie bwana yako, akupe utulivu. Na wewe ulikuwa unamwona anakufa."

"Nilimletea vidonge."

"Ulimletea vidonge hukumletea ukweli. Angejua ukweli, angevinywa." Akafuta uso kwa mkono wote. "Toka mbele yangu. Nitafanya kitu nijute."

Nilitoka. Kila alichosema kilikuwa kweli.

Daktari Kipngetich alifika akiwa bado na koti la mvua. Ni mtu mrefu, mpole, sauti yake hata mtoto haiwezi kumwamsha. Alisimama kwa kitanda muda mrefu akisema na Sitati. Niliona akilishika lile kovu la shingo kwa vidole viwili. Halafu akaniita chumba kidogo cha sista, akafunga mlango, akanimiminia maji kwa glasi.

"Kunywa."

Nikanywa. Nilikuwa nalia, maji yakamwagika kwa buibui.

"Pole pole. Meza kidogo kidogo."

Nikadhani ananihurumia. Nikainua macho nimshukuru, nikaona haangalii macho yangu. Anaangalia shingo yangu.

"Tena," akasema. "Meza tena."

Nikameza.

"Nyosha mikono mbele."

Nikanyosha. Akachukua karatasi moja ya kuandikia, akailaza juu ya vidole vyangu. Ile karatasi ikaanza kucheza, ikatetemeka hivi, mpaka ikaanguka chini.

"Umepungua kilo ngapi?"

"Kumi na mbili. Tangu mwaka jana."

"Hulali."

"Silali."

"Watu wamejifunika blanketi, wewe unafungua dirisha. Moyo unakimbia umekaa tu. Unakasirika kwa kitu kidogo, baadaye unajuta."

Nikashtuka. "Nani alikuambia? Umeongea na Bashir?"

"Damu yako ndiyo iliniambia," akasema. "Imeniambia mara mbili, na mimi nikaandika jina la mtu mwingine. Maabara hawakukosea hata siku moja, Umaima. Zile damu ni za mgonjwa kweli. Tezi yako inafanya kazi ya tezi tatu. Mgonjwa ni wewe."

Nilikaa chini kwa kiti bila kuambiwa.

Ina maana sikuwa mwanamke mbaya. Ina maana usiku wote ule niliozunguka nyumba nikipanga vyombo vilivyopangwa, zile kelele nilizompigia Bashir kwa sababu ya mlango, ile mikono, yote yalikuwa hapa shingoni. Nimeachwa kwa ugonjwa unaotibika. Na nilikuwa nafanya kazi ndani ya kliniki ya ugonjwa huo huo, nabeba makaratasi yake, nawaeleza wengine dalili zake nyumba kwa nyumba! Nililia kilio ambacho hata sijui nilikuwa namlilia nani, mimi ama Mama Kuluthum.

Daktari aliniacha nikalia. Alikuwa amefungua kompyuta yake juu ya meza ya sista, kati ya bakuli la pamba na chupa za spiriti.

"Mama Kuluthum atapona?" nikamuuliza.

"Sijui. Wengi wanaofika hali hii hawarudi. Tumpe siku mbili." Akavuta kiti, akakaa. "Sasa nisikilize. Washiriki walikuwa arobaini na sita. Waliozidi ni wanne. Nilifurahi sana, nikuambie ukweli. Nikasema tumegundua kitu, kidonge cha daku kinapandisha homoni kuliko cha kawaida. Nimeandika ripoti nzima juu ya hao wanne. Lakini kitu kimoja kilikuwa kinanisumbua."

Akageuza kompyuta nione.

"Ona. 041. 017. 026. 033. Wanawake wanne, miili minne, kilo tofauti, miaka tofauti. Mbona majibu yao karibu ni mamoja?"

Nikaangalia chini. Ile karatasi bado ilikuwa sakafuni.

"Umaima, ni Mama Kuluthum peke yake?"

Hapa ndipo nawaomba msamaha ninyi mnaosoma. Wiki jana niliwaambia ni mama mmoja. Haikuwa kweli. Nilikuwa nimemdanganya Daktari, nimemdanganya Sufyan, na nilipokaa kuwaandikia ninyi nikaona aibu, nikawadanganya pia.

Ilienda hivi. Mama Kuluthum alipoona nimemwachia swaumu yake, alifurahi, akawaambia wenzake baada ya tarawehe. Nenda siku ya Umaima, yeye anaelewa mambo yetu. Wakaja. Mmoja wa kule Bahati, mmoja wa hapo hapo Bondeni. Nikashindwa kumwambia huyu hapana na yule nimemwambia ndiyo. Nao walikuwa wananishika mkono, wananiombea dua. Baada ya talaka hakuna mtu alikuwa ananiombea dua.

Damu yangu ikagawanywa kwa majina manne, na wote wanne wakaachishwa vidonge. Wale wawili wenye tezi iliyolala nusu walikuwa wanajikokota tu, nimewaona, wanalalamika uchovu. Nikajiambia wao hawajakatwa kama Mama Kuluthum, watavumilia.

"Hawa wawili nitawaita leo," Daktari akasema, akizigonga zile namba kwa kalamu. "017 na 026 nawakumbuka. Na 033? Huyu ni nani? Nimesahau uso wake."

Nikaishika glasi ninywe, maji yalikuwa yameisha.

033 alikuja wa mwisho. Hakuja kwa sababu ya swaumu. Alinivuta kando, mlangoni, akaninong'oneza kwamba amekosa siku zake miezi miwili, na hajamwambia mtu isipokuwa mumewe na mimi, kwa sababu wanawake wenye mimba utafiti hauwataki. Wakimpima watagundua, watamtoa, na atapata wapi vidonge? Nifanyie kama ulivyowafanyia wengine, akasema, wewe ni dada yangu. Nikamtolea yangu. Wiki iliyofuata majibu yakamnyima vile vidonge vyenyewe, naye akakubali, kwa sababu mimi ndiye niliyempelekea habari, na hajawahi kunishuku hata siku moja.

Leo anavaa soksi mbili, na nilimwambia avae ya tatu.

"Daktari," nikasema. "Mtu akiachishwa vidonge na ana mimba, mtoto—"

Kipngetich akainua kichwa.

"Mimba? Nani ana mimba?"

Simu yangu, iliyokuwa juu ya meza kati yetu, ikaanza kutetemeka. Jina likatokea: Yaseen.

"Pokea," Daktari akasema. "Weka spika."

Nikaweka.

"Umaima, uko wapi?" Kaka yangu alikuwa anahema. "Sundus amesema nikupigie wewe kwanza kabla hatujaenda popote, eti wewe ndiye unajua mambo ya dawa zake. Mtoto hachezi. Anasema tangu jana mchana hajacheza hata mara moja, na alikuwa anaogopa kutuambia. Sasa amelala kwa kochi, namwita, anaitikia kwa mbali."

Daktari alikuwa ameshasimama, koti la mvua mkononi.

"Umaima? Unanisikia?" Yaseen akasema. "Anauliza kama ni vile vidonge ulimwambia aache. Nimwambie nini?"